Bathdei ya mwanangu kwa chini ya shilingi 3,000: Fort Jesus, feri na Mama Ngina

Mwanangu alitimiza miaka 7 mwezi wa Agosti, na niliwaahidi kina mama wenzangu wa Bamburi, hapa Mombasa, kwamba nitaandika siku ile ilivyokwenda pamoja na gharama zake, kwa sababu wengi waliona picha wakadhani tumetumia pesa nyingi. Tulikuwa wanne: mimi, baba watoto, yeye mwenyewe na dadake wa miaka 10. Tulitoka nyumbani saa mbili kasorobo asubuhi, tukarudi Isha imeshaadhiniwa. Siku nzima ilitugharimu shilingi 2,930, chakula kikiwemo.

Wiki tatu kabla nilikuwa nimeulizia ukumbi mmoja wa sherehe za watoto. Nikaambiwa 18,000 kwa saa tatu, keki mbali, chakula mbali, na watoto wasizidi 15. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Mwaka jana tulikopa kwenye chama ili tumfanyie sherehe kama za wenzake, na lile deni tulikuja kulimaliza mwezi wa Novemba. Nikizitazama picha za siku ile naona watoto wa watu wanaruka kwenye puto la kurukia, naye mwenye siku yake amelala kwenye kiti cha plastiki, hoi. Basi mwaka huu nikamuuliza: baba, siku yako wataka nini? Akanijibu hapo hapo, "Kupanda feri."

Sisi wa pwani ya kaskazini hatuna shughuli nyingi za kutuvusha Likoni. Yeye alikuwa amevuka mara moja tu, mchanga, nikiwa nimembeba mgongoni tukienda matangani Diani, na hakumbuki lolote. Kwa hiyo siku yote tuliijenga juu ya feri, na vingine tukavipanga kuizunguka.

Keki sikununua. Mamangu alitupikia mkate wa sinia, ule ambao wengine huuita mkate wa kumimina. Mchele aliuroweka tangu jana yake asubuhi, akausaga na tui zito, sukari, hamira na iliki, akauacha uumuke mpaka ukawa na povu juu. Usiku akaumimina kwenye sufuria, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Mkate huu raha yake ni ule uso wa juu ukishika rangi ya hudhurungi, na ndani ukawa na vijitundu kama sega la nyuki. Ukipoa hukatika vizuri na haumwagiki krimu njiani, nami ndio sababu naupendekeza kwa mtu anayetaka kutembea nao. Nazi, mchele, sukari na paketi ya mishumaa vilinitoka 500. Tukaufunga kwenye leso mpya, tukautia kwenye kikapu.

Kabla hatujatoka nilimpa mwanangu kibeti cha kamba, ndani mna nauli na kiingilio, nikamwambia leo mwenye kulipa ni wewe. Hili lilikuwa wazo la babake, na sijui kama kuna kitu kingine kilichomfurahisha hivyo. Kwenye matatu alimhesabia kondakta 240 za watu wanne, akangoja, akauliza, "Imetimia?" Kondakta naye kijana mwema, akamjibu kwa heshima kama anavyomjibu mtu mzima.

Tulishuka Posta tukaifuata barabara ya Nkrumah kwa miguu hadi Ngomeni. Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi, na nasisitiza muende mapema. Ndani kuna uwanja mpana usio na kivuli kikubwa, na ikifika saa tano jua hupiga kwenye ile sakafu na kuta za mawe ya matumbawe mpaka macho yanauma. Bebeni maji na kofia. Sisi raia tulilipa 200 kwa mtu mzima na 100 kwa mtoto, jumla 600. Ulizieni bei kabla ya kwenda, maana viwango hubadilika, na muwe na pesa kwenye simu.

Neno moja kuhusu waelekezi. Nje ya lango alitufuata bwana mmoja akaanza kutueleza historia bila kuulizwa, na tulipofika mlangoni akataka 1,500. Tulimshukuru, tukamkatalia kwa upole, lakini lilitukaa vibaya kwa dakika chache. Ukimtaka mwelekezi, kubaliana naye bei kabla hajafungua kinywa. Ukiwa na watoto wadogo kama wangu, nadhani ni bora usome mwenyewe usiku uliotangulia kisha uwahadithie kwa kasi yao.

Nami nilisoma. Niliwaambia kwamba ngome hii Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, ramani akaichora Mtaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala. Hapo ikawa mchezo: tumesimama kichwani au miguuni? Niliwaeleza kuhusu mzingiro wa Waarabu wa Omani, ulioanza Machi 1696 na kwisha Disemba 1698, watu wamefungiwa humu ndani zaidi ya miaka miwili na nusu. Binti yangu akataka kujua walikuwa wakinywa maji gani. Tukaenda kuangalia kisima na birika la kukingia maji ya mvua, akainama akachungulia muda mrefu, hakusema kitu.

Lakini mahali ambapo sitapasahau ni pale penye michoro ya Wareno. Ni kipande cha ukuta ambacho askari na mabaharia wa zama zile walikichora meli, samaki na watu kwa makaa na udongo mwekundu. Meli zenyewe zina matanga na kamba, zimechorwa na mkono wa mtu anayezijua. Sasa mwanangu huyu kila siku tunagombana naye kwa sababu huchora meli kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni. Alisimama mbele ya ule ukuta, mikono nyuma, akauliza taratibu: "Mama, hawa nao waligombezwa?" Nilikosa jibu. Babake akamwinua juu azione zile za upande wa juu, na tukakaa pale mpaka makundi matatu ya wageni wengine yakatupita.

Baada ya hapo tukaona mifupa ya nyangumi, ambayo kwa mtoto yeyote inatosha kuwa sababu ya kuja, na vyombo vilivyotolewa baharini kutoka meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama hapo mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa ule mzingiro. Mizinga aliigusa mmoja mmoja. Juu ya kuta kuna upepo mzuri na bahari yote iko mbele yako, ila mshike mtoto mkono, kwani chini ni mbali.

Kuna jambo jingine nililowafundisha, na limekuwa mchezo wetu wa nyumbani mpaka leo. Wareno waliondoka, maneno yao yakabaki mdomoni mwetu: meza, bendera, karata, kasha. Leso iliyofunga mkate wetu, nayo ni neno lao. Na gereza, ambalo wataalamu wa lugha husema limetokana na neno lao la kanisa, igreja, kwa vile kanisa lilikuwa ndani ya ngome. Ajabu ni kwamba Waingereza baadaye waliifanya ngome hii kuwa jela kwelikweli, tangu mwaka 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa 1960, na UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Hizo tarehe za mwisho watoto hawakuzijali. La kanisa na gereza binti yangu amelisimulia shuleni.

Saa mbili zatosha ngomeni kwa mtoto wa umri huu. Tulitoka mwendo wa saa tano tukaingia vichochoro vya Mji wa Kale, penye kivuli, tukitazama milango ya nakshi na barza. Hapo ndala ya mwanangu ikakatika ukanda. Fundi wa viatu aliyekuwa amekaa kibarazani akaishona kwa shilingi 50, na akampa pole na hongera kwa pamoja aliposikia ni siku yake. Tukala viazi vya karai na bajia za kunde kwa chatne ya nazi, tukanywa juisi ya ukwaju. Watu wanne, 450, na tulishiba. Wengine hupenda kuingia mikahawa mikubwa ya karibu na ngome, lakini kwa bajeti hii tafuteni karai iliyo na foleni ya wenyeji.

Kutoka hapo tuktuk hadi feri ni 200. Sasa sikilizeni, wazazi wenzangu: kivuko cha Likoni kwa waendao kwa miguu ni bure. Bure kwenda, bure kurudi. Magari ndiyo hulipa. Nendeni mchana kati ya saa sita na saa tisa. Asubuhi ya kazi na jioni umati ni mkubwa, watu wana haraka zao, na mtoto hapaswi kuwa katikati ya msukumano ule lango linapofunguliwa. Hata saa saba tuliyopanda sisi, babake alimbeba begani mpaka tukapata nafasi kwenye reli.

Kuvuka hakuchukui muda. Kwake yeye ilikuwa safari. Aliutazama ule mlango-ngazi wa chuma ukiinuliwa, akasikia injini inavyotetemesha sakafu chini ya miguu yake, akanishika mkono. Katikati ya mkondo feri ikapunguza mwendo. Nilidhani kuna hitilafu. Kumbe meli ya makontena ilikuwa inaingia bandari ya Kilindini, ndefu kama mtaa, imesindikizwa na tagi mbili, zile boti za kuvutia meli, na feri zote zilikuwa zikiipisha. Ilipita mbele yetu kimya kimya. Watu wa kila siku hawakuinua hata vichwa kwenye simu zao. Mwanangu alipunga mkono, na juu kabisa kwenye roshani ya meli mtu mmoja mdogo kama sisimizi akampungia.

Tulivuka Likoni, tukageuka, tukapanda tena. Akaomba mara ya tatu na ya nne. Kwa nini nimnyime kitu kisicholipiwa? Tulivuka mara nne siku ile.

Alasiri tukatembea kutoka upande wa kisiwani hadi Mama Ngina. Ni karibu, mibuyu mikubwa yakupokea, na tangu bustani ile itengenezwe upya mwaka 2019 pana njia nzuri za kutembea na sehemu nyingi za kukaa. Meli za Kilindini hupita papo hapo mbele yako, kwa hiyo mtoto anayependa meli hana haja ya kitu kingine. Tukanunua madafu, mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na mabuyu ya binti yangu, vyote 400.

Kuukata mkate ndiko kulikotupa kazi. Agosti ni kusi, na upepo pale hauna adabu. Mishumaa saba ilizimika kabla hatujafika wa nne, mara tatu mfululizo. Mwisho tukakubaliana mshumaa mmoja tu. Tukajikusanya duara, mimi nimetanda leso upande wa bahari, babake ameviringisha viganja kuuzunguka moto, dadake ameinamisha kichwa. Tukaimba haraka haraka. Akaupuliza yeye mwenyewe, upepo haukuwahi. Kipande cha kwanza alikikata, akakifunga kwenye karatasi, akasema hiki cha bibi aliyepika, na hakumruhusu mtu akiguse mpaka nyumbani.

Ningebadilisha nini? Ningebeba jaketi la pili, maana jua likitua pale hupata baridi. Ningebeba kopo la mkate lenye mfuniko, upepo ulituletea mchanga kidogo. Na wikendi ya sikukuu sitathubutu kwenda, jirani yangu aliyejaribu Idi ameniambia palikuwa hapapitiki. Vinginevyo sina la kulalamika.

Kurudi, tuktuk hadi Posta 250 na matatu 240 nyingine. Kwenye matatu mwanangu alifungua kibeti, akakuta imebaki sarafu ya shilingi 20 na nyingine ya 10. Akauliza kama anaruhusiwa kuziweka kwa ajili ya feri ya mwakani. Dadake anafikisha 11 mwezi wa Disemba, na ameshasema hataki feri, anataka magofu ya Jumba la Mtwana kule Mtwapa, mkate wa sinia uwe na zabibu, na kibeti akishike yeye.