Mapitio: Karakana ya kukereza bushi za bawaba, Unga Limited, Arusha

Wamiliki wa Land Cruiser za mfululizo wa 40, zile ambazo Toyota iliacha kuziunda Japani mwaka 1984, wanaujua vizuri mlango usiofunga mpaka unyanyuliwe kwa mkono. Gari langu ni pikapu ya mfululizo huo, na mlango wa dereva ulikuwa umeshuka kiasi kwamba kitasa kiligonga ukingo wa chini wa kipokeo chake, yaani kile kipande cha kwenye bodi ambacho kitasa hunasa, kila ulipofungwa. Karakana ninayoizungumzia iko Unga Limited, haina kibao, na kazi yake kubwa ni kukereza vipuri vya mashine za kusaga nafaka na vya matrekta. Milango ya magari wanaipokea kama kazi ya pembeni. Nimeridhika na walichonifanyia, ingawa nina malalamiko mawili nitakayoyaeleza.

Kilichonivutia kwanza ni kwamba hawakuanza kwa kufungua kitu. Fundi aliuacha mlango wazi nusu, akaushika kwenye ncha na kuunyanyua taratibu huku kijana wake akizitazama bawaba kwa tochi. Ulegevu wa mlango unaweza kuwa katika sehemu tatu: pini ya bawaba ikicheza ndani ya bushi (kibomba kinachoizunguka pini), skrubu zikiwa zimelegea kwenye nguzo ya bodi inayobeba bawaba, au nguzo yenyewe ikiwa imepasuka au kuliwa na kutu. Ukikosea kutambua ni ipi, utalipia matengenezo ambayo hayatanyanyua mlango hata kidogo. Kwangu nguzo ilikuwa nzima na skrubu zimekaza. Bawaba ya juu ndiyo iliyokuwa ikivutwa nje na ya chini ikisukumwa ndani, na yote yalitokea kwenye pini.

Gereji nyingi hukwepa hatua hiyo kwa kukishusha kipokeo cha kitasa ili kiufuate mlango ulikoshukia. Mlango utafunga, mwenye gari atashukuru, na pini itaendelea kula chuma. Wengine huweka kipande cha ubao kwenye bawaba na kuusukuma mlango mpaka bawaba ipinde, jambo ambalo kwa maoni yangu ni uharibifu unaolipiwa. Ikumbukwe kwamba upana wa mlango ni karibu mara mbili au zaidi ya umbali uliopo kati ya bawaba ya juu na ya chini, hivyo ulegevu mdogo unaoonekana si kitu kwenye pini hufika kwenye kitasa ukiwa umekua.

Kuzitoa bawaba kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kwenye magari haya zimefungwa kwa nje na skrubu zake hushikana na kutu. Walitumia mafuta ya kulainisha na bisibisi ya kugonga kwa nyundo, na wakakataa kuwasha moto karibu na rangi. Bushi zilipotoka zilikuwa zimebaki nyembamba kama karatasi upande mmoja, na kwenye bawaba ya juu pini ilikuwa imeshazimaliza kabisa, ikaanza kula tundu la bawaba hadi likawa na umbo la yai.

Hapa ndipo karakana hii inapowazidi wauzaji wa vifurushi vya pini na bushi vinavyoagizwa kutoka nje. Vifurushi hivyo ni vizuri endapo tundu bado ni duara, kwa sababu bushi zake ni za kipimo cha kiwandani. Ukiziingiza kwenye tundu lililopanuka zitacheza tangu siku ya kwanza. Mkerezaji huyu alilichonga tundu upya mpaka likawa duara, akakereza bushi yenye unene wa kulijaza, kisha akatengeneza pini ya chuma kigumu. Bushi ni za mchanganyiko wa shaba na bati, nao ni uamuzi sahihi, kwani sehemu laini ndiyo inayopaswa kulika, nayo ni rahisi kuibadilisha. Alipozikandamiza bushi mahali pake hakuziingiza pini papo hapo, maana bushi ikibanwa na tundu, nafasi yake ya ndani hupungua. Alizisawazisha kwanza kwa kekee ya kupanulia, akipima kila mara kwa mikromita. Nilipomuuliza kwa nini asiiache pini ilegee kidogo ili iingie kwa urahisi, alinijibu, “Mzee, hiyo nafasi unayoitaka ndiyo uliyokuja kuiondoa.”

Sasa malalamiko. La kwanza, hawakutoboa kitundu cha kupitishia mafuta wala kuchonga mfereji wa grisi ndani ya bushi mpaka nilipodai, ilhali vumbi la barabara za huku, hasa anayekwenda Monduli au Simanjiro wakati wa kiangazi, linageuza pini kavu kuwa tupa. La pili, walitaka kurudisha skrubu zilezile ambazo vichwa vyake vilikuwa vimeharibika wakati wa kuzing'oa, nikalazimika kutafuta nyingine mwenyewe. Kuhusu ahadi za “kesho jioni” sina la kuongeza. Mwenye kazi na fundi yeyote anazifahamu.

Nililipa shilingi 140,000 kwa bawaba mbili za mlango wa dereva, pamoja na chuma, shaba na ufungaji. Mlango sasa unafunga kwa kusukumwa kwa kidole, mstari wake na ubavu wa kabini umenyooka, na kelele iliyokuwa ikisikika kwenye mashimo imekwisha. Kipokeo kilichokuwa kimeshushwa na fundi wa awali walikipandisha mahali pake bila malipo ya ziada. Hatua hii isisahaulike, la sivyo kitasa kitagonga upande wa juu.

Ambaye nguzo ya gari lake imeoza asiende huko kwanza, kwa sababu watamwelekeza kwa mchomeleaji. Aliye Moshi anaweza kutuma bawaba kwa basi, mradi aandike kwenye kila moja kama ni ya juu au ya chini, ya kulia au ya kushoto, na atume pini za zamani hata kama zimelika, kwa kuwa ncha zake ambazo hazikuguswa na bushi ndizo zinazotoa kipimo halisi.