Hiace ya Kulala Kando ya Ziwa: Vifaa Gani vya Ndani Vinastahili Fedha Yako?

Habari za wakati huu, watazamaji wetu. Leo tunachambua vifaa vya kuboresha sehemu ya ndani ya gari la kulala safarini, vile ambavyo mtu mwenye drili, msumeno na subira anaweza kuvifunga mwenyewe. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Toyota Hiace ya kizazi kilichoanza kutengenezwa mwaka 2004, ile yenye bodi nyembamba, na tumeliegesha hapa Capri Point, Mwanza, kwa makusudi, kwa kuwa karibu kila nitakachokisema kinategemea ziwa hili na jua hili. Video nyingi kuhusu magari ya namna hii hutoka Ulaya na Marekani, ambako mwenye gari hupambana na baridi. Kwetu anayelala garini hupambana na joto, unyevu na mbu, na ndiyo maana baadhi ya vifaa vinavyosifiwa sana huko nitavipa alama ndogo.

Naanza na feni, kwa sababu ndicho kifaa ninachokiweka mbele ya vyote, hata kitanda. Nafasi ya mizigo ya Hiace hii ina urefu wa takribani mita 3, upana wa mita 1.52 na kimo cha mita 1.32, yaani hewa yote iliyomo haizidi sana mita za ujazo 6. Watu wawili wakilala humo usiku kucha huku milango na vioo vimefungwa, pumzi na jasho lao hutoa zaidi ya nusu lita ya maji, na maji hayo hujikusanya kwenye bati la dari na kwenye vioo, kisha huteremka nyuma ya mbao za pembeni, ambako huleta kutu na ukungu usioonekana mpaka harufu ianze. Hakuna dawa ya kupuliza wala rangi inayotibu jambo hilo. Linatibiwa na hewa inayoingia na kutoka.

Feni zipo za aina mbili. Ya kwanza ni feni ya paa ya volti 12, yenye kifuniko chake, ambayo hukaa katika tundu la mraba la sentimita 35.5 au 40 kulingana na mtengenezaji. Kwa ubora haina mshindani, kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu nayo huitoa hapo hapo ilipo, lakini inakudai ukate paa, na paa la gari hili lina mbavu za chuma zinazolivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, hivyo pima nafasi iliyopo kati ya mbavu kabla hujalipia chochote. Asiyetaka kukata paa achukue aina ya pili, ambayo binafsi naiona inatosha watu wengi: feni mbili za kompyuta za sentimita 12, zilizofungwa kwenye kipande cha ubao kilichochongwa kulingana na uwazi wa kioo cha pembeni kinachofunguka. Feni moja kama hiyo hula wati 2 au 3 tu, na hata ikifanya kazi kwa nusu ya uwezo ulioandikwa kwenye karatasi yake, itabadilisha hewa ya gari zima mara kadhaa kwa saa. Ipange itoe hewa nje, kisha acha njia ya kuingilia upande wa pili, chini. Aliyewahi kupitia soko la samaki la Mwaloni Kirumba akapakia gunia la dagaa hahitaji maelezo zaidi kuhusu umuhimu wa feni.

Chandarua kinafuata, nacho hakina mjadala mrefu. Pazia la wavu lenye vipande vya sumaku pembeni hushika moja kwa moja kwenye bodi ya chuma, halihitaji tundu wala gundi, na hutoka kwa sekunde chache. Lile la kubandika kwa utepe wa nailoni lina bei nafuu, lakini gundi ya utepe huachia pindi gari likishinda juani. Wenyeji wa mwambao wanajua pia wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi; baadhi yao ni wadogo kiasi cha kupenya wavu, na dhidi yao silaha nzuri ni rangi ya mwanga. Nunua taa za LED za mwanga wa njano, zilizoandikwa 2700 au 3000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), kwa kuwa mwanga mweupe unaoelekea ubuluu huwavuta zaidi.

Sasa kuhusu vizuia joto. Hapa ndipo watu wanapotumia fedha nyingi kwa faida ndogo. Katika nchi za baridi hufunika sakafu, kuta na paa vyote, kwa sababu joto la ndani hutoroka pande zote. Mwanza ipo karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, jua la mchana hukaa utosini, na joto kubwa huingia kupitia paa. Kwa hiyo funika paa kwanza, kwa povu lenye vitundu vilivyofungwa, lisilonyonya maji, la unene wa milimita 10 au zaidi, na ulibandike kwa gundi isiyolainika kwa joto. Karatasi ya kung'aa inayouzwa kwa jina la kizuia joto hufanya kazi pale tu ambapo upande wake unaong'aa unatazamana na nafasi ya hewa. Ukiibana katikati ya bati na ubao umeweka pambo lisiloonekana. Sponji ya godoro na pamba ya kioo sizipendekezi kabisa, kwa kuwa zote mbili hutunza maji yaleyale niliyoyataja na kuyalaza kwenye bati.

Tuje kwenye umeme, sehemu yenye mambo mengi kuliko zote. Kabla ya kununua betri, hesabu matumizi yako. Friji la kompresa la lita 40 katika hali yetu ya hewa hutumia kati ya wati-saa 300 na 500 kwa siku, kutegemea unavyolifungua na kivuli unachoegesha. Ukiongeza taa, feni na simu chache, unafika wati-saa 500 hadi 600. Betri ya risasi na asidi ya ampea-saa 100 ina takribani wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu usivuke nusu yake, kwa hiyo inakupa siku moja tu. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 yenye ampea-saa hizohizo hukuruhusu kutumia sehemu kubwa ya wati-saa zake 1,280, inakaribia siku mbili za mawingu, na uzito wake ni kilo 11 au 12 badala ya karibu kilo 30. Bei yake ni kubwa, lakini ukiigawa kwa miaka ambayo itatumika, mimi naiona nafuu. Isiwekwe mbele karibu na viti, maana injini ya Hiace imekaa chini ya viti hivyo na joto la kudumu hupunguza maisha ya betri ya aina hii.

Paneli ya wati 200 inatosha matumizi hayo, na hapa latitudo yetu inatupendelea: anayeishi Ulaya hulazimika kuinamisha paneli ili kulifuata jua, ilhali sisi tukiilaza bapa juu ya paa hatupotezi chochote cha maana. Mteremko mdogo tu unahitajika, ili mvua iondoe vumbi na kinyesi cha ndege. Kifaa cha kuchunguza kwa makini ni kontrola ya chaji, kile kinachokaa kati ya paneli na betri kusimamia uchaji. Zipo za aina mbili, PWM na MPPT. Paneli nyingi zinazouzwa mjini kwa matumizi ya nyumbani zina volti 30 na zaidi, na ukiziunganisha kwenye betri ya volti 12 kupitia kontrola ya kawaida ya PWM, zaidi ya nusu ya nguvu zake hupotea, kwa sababu kontrola hiyo huishusha paneli hadi volti ya betri. Kontrola ya MPPT hugeuza volti za ziada kuwa ampea. Tatizo ni kwamba zipo kontrola za bei poa zilizoandikwa MPPT juu ya boksi huku ndani ni PWM. Dalili moja nzuri ni uzito, kwa kuwa MPPT ya kweli ina koili na kipoza joto cha chuma, haiwezi kuwa nyepesi kama kisanduku kitupu.

Kuna wanaotaka pia kuchaji betri ya lithiamu kwa injini wakiwa njiani, tuseme kutoka hapa hadi Musoma kupitia Magu, Lamadi na Bunda. Inawezekana, lakini msiunganishe waya moja kwa moja kutoka kwenye betri ya gari. Lithiamu huvuta mkondo mkubwa bila kupunguza kasi, na altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, isiyotengenezwa kwa mzigo huo huchemka. Wekeni chaja ya betri kwa betri katikati, ile inayoweka kikomo cha mkondo.

Kuhusu waya, nitatoa hesabu moja tu. Mzigo wa ampea 10 uliopo mita 5 kutoka kwenye betri, ukitumia waya wa milimita 2.5 za mraba, hupoteza karibu volti 0.7 kwa kwenda na kurudi. Ukitumia wa milimita 6 za mraba, upotevu haufiki volti 0.3. Friji linalojizima usiku bila sababu mara nyingi halina ubovu wowote, ni waya mwembamba tu. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri, maana kazi yake ni kuulinda waya, na waya ulio kabla ya fyuzi haulindwi na yeyote. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, wengi hawaihitaji. Simu na kompyuta mpakato huchajiwa vizuri kwa volti 12, na inveta hula umeme hata pasipo kuchomekwa kitu.

Na yale mafriji mepesi ya bei ndogo yanayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari? Hayana kompresa. Hupunguza joto kwa nyuzi 20 hivi chini ya joto la mahali yalipo, kwa hiyo ndani ya gari lenye nyuzi 35 sangara wako anabaki kwenye nyuzi 15, na kwa siku nzima huweza kula zaidi ya wati-saa 1,000. Sitayapa hata nyota moja.

Kitanda. Upana wa mita 1.52 haumruhusu mtu mzima wa kawaida kulala kwa kukingama, kwa hiyo kitanda hukaa kwa urefu wa gari. Godoro la futi nne kwa sita linaingia vizuri na huacha ujia wa sentimita 30, na sita ikiwa fupi kwako basi agiza likatwe. Napenda zaidi kitanda chenye chaga zinazopishana, ambacho mchana husukumwa ndani kikawa kiti cha upande mmoja, na chaga zina faida nyingine: hewa hupita chini ya godoro, wakati ubao mzima hulilowesha kwa jasho. Kuhusu mbao, karatasi ya plaiwudi ya milimita 18, yenye ukubwa wa kawaida wa futi nne kwa nane, hufika kilo 32, ya milimita 12 kilo 21, na ya milimita 9 kilo 16. Makabati hayahitaji zaidi ya milimita 12, na milango yake milimita 9 inatosha. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, hunywa maji na kuvimba, iacheni kwa sebule za nyumbani. Mninga ni mti wa heshima, lakini ni mzito mno kwa gari. Kila kiungo kipigwe gundi pamoja na skrubu, kwa kuwa barabara ya vumbi yenye makunyanzi hufungua skrubu peke yake.

Upande wa maji, kifaa kilichonifurahisha ni ile pampu ndogo ya kuchaji inayokaa juu ya chupa ya maji ya kunywa ya lita 18.9, ambayo hapa mjini hupatikana kila kona. Chupa mbili, pampu moja, beseni la chuma lililozamishwa kwenye ubao, basi. Mfumo wa tangi kubwa na pampu ya shinikizo una viungo vingi vya kuvuja. Chupa zikae chini, karibu na ekseli ya nyuma. Maji ya ziwani msiyatumie kuoga moja kwa moja kwa sababu ya kichocho. Yakikaa kwenye chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono, kwa saa 48, vimelea vinavyopenya ngozi huwa vimekufa, lakini hayawi ya kunywa.

Jiko naliweka kwenye mlango wa nyuma, juu ya droo inayovutwa nje, ili upikaji ufanyike chini ya mlango ulioinuliwa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujikusanya sakafuni, hivyo kabati la mtungi lazima liwe na tundu chini kabisa linalotokea nje ya gari. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata likiwa na makaa yanayofifia, kwa kuwa monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi na humuua aliyelala.

Kwa sakafu, kapeti la plastiki la milimita 2 juu ya plaiwudi ya milimita 9 linashinda zulia la manyoya kwa kila kipimo, hasa kwa anayetoka ufukweni na mchanga miguuni. Likatwe kipande kimoja, kingo zipande sentimita 3 ukutani na kuzibwa kwa silikoni, na msilibandike siku ya mvua, kwa sababu unyevu uliofungiwa chini yake hauna pa kutokea.