Rangi ya ukuta: usiulize inavyopendeza, uliza inavyofutika

Mwenzenu niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Wiki tatu kabla ya Idi nilipaka sebule yangu hapa Tudor, Mombasa, rangi ya mati, ile isiyong'aa, nyeupe ya maziwa. Ukuta ukatulia kama shuka iliyopigwa pasi. Siku ya Idi mpwa wangu wa miaka minne akaja na hina haijakauka, akaegemea kando ya mlango. Vidole vitano vya kijani. Nikachukua kitambaa, maji na sabuni kidogo, nikafuta polepole. Hina ikatoka, na rangi ikatoka nayo. Pakabaki duara linalong'aa, mfano wa upara. Taa ikiwashwa jioni, ndilo mgeni huliona kwanza.

Kwa hiyo hapa sizungumzii kama ni krimu au kijivu. Kwenye kadi ya dukani zote ni nzuri. Mimi nauliza kimoja tu: ukifuta, kinabaki nini? Paka kipande cha mbao mikono miwili, yaani rangi juu ya rangi mara mbili, kiache wiki mbili rangi ikomae, halafu kisugue kwa kitambaa kibichi mara ishirini. Rangi ya mati ina unga mwingi na gundi kidogo, ndiyo maana ukiisugua ama inakufuata, ama inalainika na kung'aa pale pale.

Namba moja kwangu ni Crown Vinyl Silk, rangi ya silki, ile yenye mng'ao kidogo, na sijifichi, mimi ni mtu wa Crown. Nimeipaka ukumbini, watoto wanapita na mikono ya viazi karai, nafuta na ukuta hauna habari. Kasoro yake ni umbea: kila wimbi la plasta inalitangaza, basi fundi apige msasa kwanza, asikwambie rangi itafunika. Namba mbili ni Duracoat ya silki, na tofauti ni ndogo mno. Ukiikuta kwa bei nafuu, chukua. Namba tatu ni rangi ya mafuta, kwa jikoni na milango tu. Inafutika kama sahani, lakini harufu yake itawahamisha, na kwenye ukuta unaotoa jasho itabanduka maganda.

Mati? Darini. Zile ndoo za lita 20 za bei ya kutupa, pakeni stoo.

Walio Mji wa Kale wasinisikilize kabisa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinapumua. Ukizifunga kwa rangi ya plastiki, unyevu unakwama nyuma, chumvi inasukuma, na rangi inatoka malengelenge. Huko ni chokaa tu, hata kama itakuchafulia buibui ulilovaa.

Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kuta za mita 2.7, kwa mikono miwili, kinakula kama lita 7. Mikebe miwili ya lita 4 inatosha, na kinachobaki ukihifadhi kwenye chupa. Fundi akikwambia mitano, mjue yeye na mwenye duka wameshaonana.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Mkebe ule ule, barabara ile ile, maduka matatu, bei tatu, na hakuna aliyebandika bei. Wanakutazama mkoba kwanza. Yule aliyeniuzia aliniapia, "Hii yaoshwa, dada." Niliporudi kulalamika akaniuliza nani kanituma nioshe ukuta.

Sebule nangoja mvua za mwaka na kusi zipite, kaskazi iingie ukuta ukauke vizuri. Kwa sasa duara nimelitundikia kalenda. Na kwa kuwa mtoto ni mfupi, kalenda iko usawa wa goti langu. Mama mkwe kaitazama, kaniuliza ni nani humu ndani asomaye tarehe akiwa amechuchumaa.