Galileo: nyota tano kwa ajili ya saa zake

Mimi ni mpima ardhi, kazi zangu nyingi ziko Kibaha. Risiva yangu inapokea GPS pamoja na Galileo, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa setilaiti za kujua mahali ulipo, na huduma hii hailipiwi. Penye uwazi, nikiiongeza Galileo vipimo vinatulia upesi, na bikoni (alama ya mpaka wa kiwanja) niliyoipima asubuhi nikiirudia jioni namba zinakaribiana. Chini ya mikorosho mikubwa inasumbua kama mifumo mingine.

Ninachokisifia hasa ni saa. Setilaiti hizi ziko juu kilomita 23,222, ambako mvutano wa dunia umepungua, na kwa nadharia ya Einstein mvutano ukipungua saa huharakisha, kwa hiyo saa zake zinakwenda haraka kuliko zetu. Mwendo wa setilaiti unazichelewesha kidogo, lakini hata ukiondoa hicho zinatangulia takriban mikrosekunde 40 (sehemu 40 za milioni za sekunde) kila siku. Msidharau: risiva hupima umbali kwa muda ambao mawimbi ya setilaiti yanasafiri kwa kasi ya mwanga, na katika muda huo mwanga unakata kilomita 12! Bila hesabu ya Einstein nisingesimika bikoni hata moja kwa risiva hii.

Na Galileo yenyewe imeipima hesabu hiyo. Agosti 2014 setilaiti ya 5 na ya 6 zilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, kwa roketi ya Soyuz, zikaishia kwenye obiti (njia ya kuizunguka dunia) isiyo yake. Mafuta yaliganda ndani ya bomba la hatua ya juu ya roketi, kwa kuwa lilipita karibu mno na bomba la heliamu baridi. Zilisogezwa baadaye, ila hadi leo zinapanda na kushuka karibu kilomita 8,500 mara mbili kwa siku. Watafiti wa Paris na Bremen waliona hapo jaribio lililo tayari: kama Einstein yuko sahihi, saa ikipanda iharakishe, ikishuka ipunguze. Wakachambua data za siku zaidi ya 1,000, huku vituo vya leza vikipima umbali wa setilaiti ili kosa la obiti lisihesabiwe kuwa la saa. Desemba 2018 wakachapisha: Einstein yuko sahihi, na kwa usahihi unaolipita zaidi ya mara 5 jaribio la Gravity Probe A la 1976, lililorusha saa juu kwa roketi, ambalo safari yake haikufika saa 2. Mimi hilo linanipa imani kubwa kuliko tangazo lolote la muuzaji.

Tangu Januari 2023 Galileo inatoa pia masahihisho ya bure, yanayolenga usahihi wa kama sentimita 20 kwa ulalo. Risiva yangu ni ya zamani, haiyasomi, hivyo siyatolei alama. Anayenunua mpya aulize kwanza kama inapokea masafa ya E6 (mojawapo ya masafa ya redio ya Galileo), maana setilaiti huyarusha humo.