Gesti ya Karagita: pa kulala ukienda Naivasha kutangaza Safari Rally

Naipa gesti hii nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu iliyokosekana nitaieleza, lakini kwanza nieleze kwa nini kila Machi siendi kwingine.

Msimu wa dunia wa mbio za magari za rally huanzia Monte Carlo mwezi Januari, kisha Februari ni Sweden, kwenye theluji. Hizo mbili sisi wa redio za Kiswahili huzitangaza tukiwa studio, macho kwenye skrini ya muda. Raundi ya tatu ni ya kwetu. Machi ikikaribia, begi la kazi linashuka kutoka juu ya kabati: rekoda, maikrofoni, waya za akiba, betri, kizibao cha wanahabari, buti, na leso ya kujifunga puani. Safari Rally ilikosekana kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002 hadi iliporudi 2021, na iliporudi ilipiga kambi Naivasha. Tangu hapo, Februari ikifika, kwenye kundi letu la WhatsApp watu hawaachi kuulizana: mwaka huu unalala wapi?

Ni swali la maana, kwa sababu wiki ya mbio Naivasha hujaa hadi pomoni na bei hupaa. Mahali pengine mjini niliwahi kuombwa Sh9,000 kwa chumba kisicho na dirisha, na mwenye nyumba hakunitazama hata usoni. Kampuni kubwa za televisheni hukodi nyumba nzima kando ya ziwa. Mwandishi wa redio ya kaunti, au kijana anayetangaza kwa simu yake kwenye mtandao, hana bajeti hiyo, na naye ana wasikilizaji wanaomsubiri.

Gesti ninayoisema iko Karagita, kando ya Barabara ya Moi South Lake. Haina bango. Wenyeji huiita kwa Mama, basi. Ni vyumba vichache vinavyozunguka ua wa saruji, tangi la maji juu ya mnara wa chuma, na mgunga mmoja mkubwa langoni. Mara ya mwisho nililipa Sh2,500 kwa usiku, chai ya asubuhi ikiwemo. Wiki ya mbio Mama huongeza Sh500, na hukwambia mapema unapopiga simu. Hajawahi kunibadilishia bei baada ya kufika.

Sababu kubwa ya kuipenda ni saa zake. Mikondo ya Naivasha, yaani vipande vya barabara ambavyo madereva hushindania muda, hufungwa kwa magari ya kawaida saa kadhaa kabla gari la kwanza la mbio halijaanza. Ukichelewa geti, kizibao chako hakikusaidii. Utatazama helikopta kwa mbali kama mtu mwingine yeyote. Siku ya mikondo ya Soysambu na Sleeping Warrior, ambayo iko huko juu upande wa Elmenteita, tunatoka saa tisa na nusu usiku. Hoteli nyingi saa hizo askari amelala, jiko limefungwa na mpishi atakuja saa moja. Karagita wanaishi watu wa mashamba ya maua, na mabasi ya kuwachukua hupita gizani. Mama amekuwa akiwapikia chai na mandazi miaka mingi kabla magari ya dunia hayajarudi, kwa hiyo saa tisa jiko lake limeshawaka. Unakuta chupa yako ya chai ya tangawizi imefungwa, mandazi ndani ya karatasi, na mayai ya kuchemsha kama uliagiza jioni. Askari wa langoni, mzee mpole sana, anafungua bila kungoja honi.

Jambo la pili ni vumbi. Asiyewahi kusimama kwenye mkondo wa Kedong hawezi kulielewa. Udongo wa bonde lile ni majivu ya volkano, na magari yakishapita mara ya kwanza, unabaki mlaini kama unga. Ndio wanaouita fesh-fesh. Mguu unazama hadi kwenye kifundo. Magari yenyewe hufungwa bomba refu linalopanda kando ya kioo cha mbele ili injini ivute hewa juu ya vumbi na maji. Mtangazaji hana bomba. Unarudi jioni nywele zimegeuka rangi, meno yanasaga mchanga, na zipu ya begi haifunguki. Kwa Mama kuna bomba la maji na benchi kando ya lango, na hapo ndipo kila mtu huvua buti na kukung'uta begi kabla hajaingia. Mama fua anachukua kizibao na nguo za siku hiyo, na kwa kuwa upepo wa Naivasha ni mkavu, alfajiri unakuta zimekauka. Nililipa Sh300. Kwenye chumba utakuta kitambaa kimekunjwa chini ya mlango. Usikiondoe, kimewekwa kwa makusudi.

Sasa kuhusu kurekodi, maana hapa ndipo mtu wa redio anapopima nyumba. Chumba cha nyuma, kile cha mwisho upande wa kushoto, kimepakana na ukuta wa jirani na hakielekei barabarani. Kina kitanda cha mbao, pazia zito, na mablanketi mawili mazito, kwa sababu Naivasha iko juu, mita 1,880 hivi, na usiku ni baridi kweli. Ninachofanya ni hiki: naning'iniza blanketi moja juu ya mlango wa kabati, nakaa chini mgongo ukiegemea kitanda, najifunika la pili pamoja na maikrofoni, na tochi ya simu kwenye karatasi ya matokeo. Sauti inatoka kavu, haina mwangwi wa saruji. Ripoti ya saa moja jioni hutoka hapo, na wasikilizaji wanadhani niko studio. Nimelala kwenye hoteli za vigae vinavyong'aa ambako hakuna kona hata moja ya kurekodi sentensi mbili.

Umeme ukipotea, kuna betri ya sola inayowasha taa za ua na soketi moja ya sebuleni. Jumamosi ya Machi 2025 mvua ilishuka, mkondo wa Sleeping Warrior ukageuka tope, na tulirudi usiku tukiwa tumechoka na kulowa. Umeme haukuwepo mtaani. Tulizunguka soketi ile watu watano na ekstensheni moja, kila mmoja na zamu yake, mmoja akituma sauti, mwingine picha. Elfyn Evans alikuwa anaongoza, na kesho yake alishinda kwa zaidi ya dakika moja mbele ya Ott Tänak. Habari ile ilifika hewani kwa wakati. Mama alileta beseni za maji ya moto mwenyewe, hakumwachia msichana wa kazi.

Chakula cha jioni ni samaki wa ziwani, mzima, aliyekaangwa akakauka vizuri, ugali, sukuma na kachumbari yenye pilipili ya kutosha. Sh450. Huletwa asubuhi kutoka kwa wavuvi, na ukichelewa kuagiza hupati, utakula ndengu na chapati. Ndengu nazo ni nzuri, lakini agiza samaki. Na baada ya kula usishawishike kwenda kutembea upande wa ziwa gizani. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na wenyeji hawafanyi mzaha nao.

Kuna kitu kingine ambacho hakilipiwi. Jikoni kwa Mama redio haizimwi. Mwaka 2022, mbio zikiwa bado zinafanyika Juni, dereva Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3, mojawapo ya madaraja ya chini ya ubingwa wa dunia, mwanamke wa kwanza kushinda daraja hilo katika raundi ya ubingwa wa dunia. Nilipofika jikoni kuchukua chai, Mama alinishika mkono.

"Huyo msichana ni wa hapa hapa kwetu?"

"Wa hapa hapa, Mama."

"Na mwelekezi wake je? Mbona hamkumtaja vya kutosha?"

Alikuwa sahihi kuuliza. Mwelekezi ndiye anayesoma kila kona na kila jiwe kabla dereva hajaliona, na tangu siku ile nawataja wote wawili kwa majina kamili kila ninapotoa matokeo. Huwezi kupata maoni kama hayo kwenye ukumbi wa wanahabari. Wanawake wanaokata sukuma pale wanajua tofauti ya mkondo wa Loldia na wa Geothermal, na wakisikia umetangaza vibaya watakwambia.

Ile nusu nyota. Kwanza maegesho: ua unachukua magari matatu, la nne linalala nje, na ukitoka wa kwanza alfajiri lazima uwe umeegesha wa mwisho, kwa hiyo panganeni jioni. Pili, kila chumba kina soketi moja tu. Njoo na ekstensheni yako. Tatu, maji ya moto ya bafu hupatikana jioni; alfajiri ni ya kuchemshiwa, na useme mapema. Wi-Fi ipo, lakini saa mbili usiku kila mtu akituma video hutembea polepole mno, na faili ya sauti ya dakika tatu inaweza kukuchukua nusu saa. Mimi hupunguza ukubwa wa faili kwanza, au nasubiri saa nne wenzangu wakilala. Televisheni ya sebuleni pia huwa juu wakati wa taarifa ya habari. Ukimwomba Mama aipunguze anaipunguza, lakini itakubidi uombe kila siku.

Jingine kwa wanaokwenda mara ya kwanza: msirudishe ufunguo Jumapili asubuhi. Nawaona wengi wakifunga virago wakidhani matokeo yameshajulikana. Mwaka 2021 Thierry Neuville aliamka Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima, na mkondo wa Loldia ukamvunjia gari asubuhi ile ile. Sébastien Ogier akashinda, Takamoto Katsuta wa pili. Waliokuwa njiani kurudi Nairobi walisikia kwenye redio. Mkondo wa mwisho ni Hell's Gate, wenye pointi za ziada, halafu jukwaa, halafu mahojiano ambayo kila dereva anataka kuyamaliza upesi akapande ndege. Ripoti ya kufunga wiki huandikwa usiku wa Jumapili, na barabara ya kurudi Nairobi siku hiyo imefunga kabisa. Lala, uondoke Jumatatu.

Ukitaka nafasi, piga simu kabla Januari haijaisha. Mama hapokei maombi ya mtandaoni. Unaongea naye mwenyewe, unatuma nusu kwa M-Pesa, na jina lako linaandikwa kwenye daftari la bluu. Mwambie kama unafanya kazi ya redio akupe chumba cha nyuma. Watu wa kamera na picha wanafaa vyumba vya mbele, vina meza kubwa zaidi. Mtakaokuwa wanne katika gari moja, ombeni vyumba viwili vinavyopakana na mtaje saa ya kutoka ya kila siku, kuanzia Alhamisi, ili chai ipangwe.