Seti ya kukarabati giaboksi: uzoefu wangu na pikapu kuukuu

Gia ya pili ilikuwa haiingii bila kusaga, hasa ukishuka kutoka ya tatu. Ya tano nayo, ukiachia mafuta tu, inachomoka yenyewe. Gari likiwa limesimama nyutro kulikuwa na mvumo, ukikanyaga klachi unakufa. Mvumo wa namna hiyo kwa kawaida ni wa beringi ya shafti inayotoka upande wa injini, wala haumalizwi na kumwaga oili na kuweka nyingine. Kwa hiyo nikaagiza seti nzima: beringi, oili sili, gaskiti na pete za sinkronaiza.

Beringi sina la kulalamika. Namba zinasomeka, zinazunguka bila kukwaruza, na fundi alizipiga presi zikakaa.

Pete ndizo nilizozikagua kwa jicho kali, maana ndizo zinazolinganisha mwendo wa gia na shafti kabla meno hayajakutana. Ndani zina mifereji myembamba yenye makali inayokata oili ili pete iishike koni, yaani sehemu ya gia iliyochongoka inayoingia ndani ya pete. Kwenye zangu za zamani mifereji ilikuwa imelainika: unaibana pete kwenye koni, unaizungusha, inateleza. Mpya ziling'ang'ania. Tukapima kwa fila geji (vibao vyembamba vya kupimia nafasi ndogo) nafasi kati ya pete na meno ya gia. Kitabu cha giaboksi yangu kinataka isipungue milimita 0.8, na pete kuukuu ya gia ya pili ilikuwa karibu kugusa.

Sasa kilichoniudhi. Tangazo lilisema seti ina "kila kitu". Si kweli. Gia kuchomoka kulitokana na meno ya slivu (pete kubwa inayoteleza kuifunga gia na shafti) yaliyolika hadi kupoteza pembe zake, na foki (uma unaoisukuma slivu) iliyokonda. Slivu, habu (kitovu ambacho slivu huteleza juu yake) na foki havimo, nikavinunua kando. Ndiyo maana ningemshauri mtu afungue giaboksi kwanza, aone kilichokufa, ndipo aagize. Sili ya nyuma iliyokuja na seti, ya pale propela shafti inapoingia, ilikuwa ngumu kama ganda la kobe. Nikairudisha, wauzaji wakabadilisha bila maneno mengi.

Hakuna pia karatasi inayotaja oili, na hapo wengi wataharibu pete mpya. Kitabu changu kinataka oili ya gia ya daraja la GL-4, yenye uzito wa 75W-90. Baadhi ya GL-5 zina viungo vya salfa vinavyoweza kula shaba ya njano ya pete, na utelezi wake unaweza kuzizuia pete zisishike vizuri.

Natoa nyota tatu na nusu. Ya pili inaingia hata asubuhi oili ikiwa baridi, ya tano imetulia, mvumo umekwisha. Rivasi bado inasaga ukiiharakisha, lakini hiyo siilaumu seti: kwenye giaboksi hii rivasi haina sinkronaiza tangu kiwandani. Kanyaga klachi, subiri kidogo, ndipo uingize.