Trier, Ujerumani: kama unapenda mawe ya kale, anzia hapa

Kwa wale wa Kisumu mko na ndugu huko Ujerumani ama Luxembourg na mnauliza mkienda kuwaona mtembee wapi, mi nasema Trier. Ni mji mdogo, treni ya kutoka Luxembourg haimalizi saa moja, na majengo ya Warumi yako tu katikati ya maduka, miguu yako inatosha.

Nyota zangu nyingi zinaenda kwa Porta Nigra. Hilo ni lango la mji la kama mwaka wa 170, mawe makubwa ajabu, mengine yanafika tani 6, na hakuna simiti hata kidogo, walikuwa wanayashikanisha na vyuma. Ukisimama karibu unaona mashimo mashimo kwa ukuta, hapo ndipo watu wa zamani walichokoa hivyo vyuma wakaenda navyo. Lingebomolewa lote, ila mtawa mmoja Mgiriki anaitwa Simeon alijifungia ndani akaishi humo mpaka akafa 1035, wakaligeuza kanisa, basi likapona, halafu 1804 Napoleon akaamuru lirudishwe vile lilikuwa.

Sasa wewe mwenye umefika Thimlich Ohinga, lile boma la kale la mawe kule Migori, utaelewa haraka. Zile kuta zetu pia hazina simiti wala udongo, na wazee wetu hata hawakuchonga mawe, waliyapanga tu yalivyo na yakasimama karne kadhaa! Zote mbili ziko kwa orodha ya UNESCO, Trier tangu 1986, Thimlich 2018, na mi naona ukianza na yetu ndio utaona ya Warumi vizuri.

Bafu za kifalme ingieni zile njia za chini ya ardhi, watoto watapenda sana. Ukumbi wa Konstantino ni kanisa saa hii, mita 33 kwenda juu. Daraja la Warumi nalo nguzo zake ni za karne ya 2 na magari bado yanapita juu.

Nimetoa nyota 4. Ya 5 imepotelea kwa ziara ya kuongozwa, yule mtembezaji alitukimbiza sana na kikundi kilikuwa na wazee, na ngazi za Porta Nigra si za mtu wa magoti mabaya. Nunueni AntikenCard, ni tiketi moja ya kuingia saiti kadhaa za kale, mjitembeze polepole wenyewe.